Uyoga Unaowaka Kutoka Ndani: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha kwa Taa Iliyofichwa

Picha mnazonitumia zinafanana mno. Uyoga umekaa katikati, kofia imeungua nyeupe pe, nyuma ni giza totoro. Au mbaya zaidi, nyasi zote zimewaka kwa flashi mpaka zinashindana na uyoga wenyewe. Na swali ni lilelile: mbona wangu hauwaki kama zile za mtandaoni?

Hauwaki kwa sababu mwanga umetoka mbele, tena mwingi. Jicho hukubali kwamba kitu kinawaka pale tu mambo matatu yanapokutana. Mwanga uwe unapenya kutoka ndani au nyuma ya kitu. Mazingira yawe meusi kuliko kitu chenyewe, lakini bado yaonekane. Na mwanga huo uwe umemwagikia majirani: udongo, majani makavu, kijiti kilicho pembeni. Likikosekana moja, unabaki na uyoga uliopigwa tochi.

Kwa hiyo kazi yote hapa chini ni ya kupunguza mwanga. Taa yenyewe ni ndogo kuliko ukucha.

## Vifaa

Kusanya hivi kabla ya kutoka. Ukifika porini ukakuta tepu umeiacha mezani, jioni yako imekwisha.

- Simu yenye hali ya Pro, au kamera yoyote unayoweza kuipanga mwenyewe. Lazima utawale ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), kasi ya shata (muda ambao kamera inaacha mwanga uingie), fokasi (mahali picha inapokuwa kali) na rangi ya mwanga. Kama simu yako ya Android haina hali hiyo, programu ya bure ya Open Camera huziba pengo kwenye simu nyingi.
- Kifuko cha maharage au mchele, au tripodi fupi. Uyoga uko sentimita chache kutoka ardhini, na tripodi nyingi hazishuki huko. Kifuko cha kitambaa kinashuka.
- Kibiriti cha gesi chenye kitochi mkiani. Kile cha dukani kwa Mangi. Kinatosha kwa nusu ya kazi.
- Kibalbu cha LED nyeupe cha milimita 5 na betri bapa ya CR2032, ile ya rimoti ya gari. Mafundi redio wanavyo vibalbu hivi.
- Tepu nyeusi ya mafundi umeme, tishu, foili, na karatasi ya pipi inayong'aa ya rangi ya chungwa au njano.
- Vijiti vya mishikaki viwili vitatu. Vya kushikilia taa.
- Chupa ya kupulizia maji.
- Gunia au kipande cha turubai cha kulalia.
- Tochi ya kawaida ya kuangalia unapokanyaga.

Flashi iache nyumbani.

## Kwanza, tengeneza taa

Fanya hivi nyumbani, mchana, mezani.

Kibalbu cha LED kina miguu miwili, mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mguu mrefu ulale upande wa betri wenye alama ya +, mfupi upande wa pili, betri ikibanwa katikati. Ikiwaka, zungushia tepu nyeusi ibane. Isipowaka, igeuze betri. Betri ndogo hivi haitaiunguza LED kwa kukosea upande.

Rezista, kile kipande cha kupunguza umeme, haihitajiki, kwa kuwa betri bapa haina ubavu wa kusukuma umeme mwingi. Lakini usiige hivyo kwa betri tatu za tochi zilizounganishwa mstari. Hapo LED inaungua.

Kwa nini nyeupe, wakati tunataka rangi ya chungwa? Kwa sababu LED ya njano au nyekundu hutoa rangi moja tupu, na kamera ikilishwa rangi moja tupu hupoteza mikunjo yote ya uyoga. Unapata doa la rangi lisilo na umbo. Mwanga mweupe uliopita kwenye karatasi ya pipi huwa wa chungwa lakini bado una rangi nyingine ndani yake, na hizo ndizo zinazobeba umbile.

Sasa kunja kipande cha tishu mara nne, kifunge juu ya kibalbu, kisha karatasi ya pipi juu ya tishu. Kibalbu kitupu hutupa duara kali lenye ukingo. Tishu inalilainisha.

Ukifaulu: zima taa ya chumba, fumba LED kwenye kiganja. Unaona nuru ya chungwa iliyotulia katikati ya vidole, na huwezi kusema kibalbu chenyewe kiko wapi.

Onyo ambalo si la mapambo: betri bapa ikimezwa na mtoto huunguza koo lake ndani ya saa 2. Usiiache mezani. Ukishuku mtoto amemeza, nenda hospitali hapohapo, usingoje dalili.

## Hatua ya 1: Chagua uyoga unaopitisha mwanga

Nusu ya picha zinazoshindikana zimeshindikana hapa. Si kila uyoga unaweza kuwaka. Ule mgumu wa kwenye magogo, unaofanana na ngozi, hata ukiuwekea taa ya gari hautapitisha kitu.

Kipimo ni rahisi: weka kitochi cha kibiriti nyuma ya kofia na utazame kwa mbele. Ukiona mikunjo ya chini ikijichora kwenye kofia, umepata. Ukiona kivuli tu, songa mbele.

Uyoga mweupe mdogo unaochipuka kwa makundi karibu na vichuguu baada ya mvua ni mzuri sana, kwa sababu kofia ni nyembamba na uko mwingi. Ukiharibu mmoja una mwenzake. Mzuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni ule wa kahawia unaofanana na sikio unaoota kwenye matawi yaliyooza. Nyama yake ni mithili ya jeli. Mchana unauona mchafumchafu, wala mtu hageuki kuutazama, lakini ukiupitishia mwanga kwa nyuma unageuka kaa la moto, na mishipa yake yote inaonekana.

Msimu ni masika na vuli, siku chache baada ya mvua kubwa. Usianze kwa kwenda mbali. Kisiki cha mwembe nyuma ya nyumba, shamba la migomba, kingo za mfereji, vyote vina uyoga. Ukitaka msitu wenyewe, Amani kule Usambara, Pugu karibu na Dar es Salaam au Karura jijini Nairobi, lipa kiingilio na uulize saa ya kutoka kabla ya kupanga chochote. Karura hufunga mageti jioni, na kazi hii ni ya jioni.

Na kama huna mvua wala msitu, nunua uyoga mamama (oyster) kwa mkulima ukiwa bado kwenye mfuko wake wa kuoteshea. Mazoezi yote ya mwongozo huu yanafanyika nao jikoni, taa zikiwa zimezimwa. Usinunue uliokwisha kunyauka. Uyoga uliopoteza maji haupitishi mwanga vizuri.

Onyo: kuugusa uyoga wenye sumu kwa kawaida hakukudhuru, kuula ndiko. Nawa mikono, na usibebe nyumbani uyoga wa picha ukidhani ni mboga. Kabla hujalala chini, piga majani makavu kwa kijiti. Kifutu hujilaza humohumo wala hakimbii akisikia hatua. Ukiona msururu wa siafu, hama, hata kama uyoga ni mzuri namna gani. Siafu hawabembelezwi.

## Hatua ya 2: Subiri giza la kadiri

Saa yenyewe ni kuanzia jua linapozama mpaka giza kamili. Kwetu karibu na ikweta giza halichelewi: una dakika 20 hivi, basi. Fika saa 11 jioni, panga kila kitu kukiwa na mwanga, ili saa 12 na nusu uwe unabonyeza tu.

Kwa nini si saa 3 usiku? Kwa sababu saa hiyo mazingira hayapo kwenye picha. Taa yako ndogo haiwezi kuumulika msitu mzima, kwa hiyo unapata uyoga unaoelea kwenye weusi. Machweo yanakupa bluu ya bure, iliyosambaa kila mahali, na bluu ndiyo inayoufanya uchungwa uonekane wa moto zaidi.

Mchana pia inawezekana, ila kwa nguvu. Utahitaji kivuli kizito, mwavuli juu ya uyoga, na mtu wa kushika kitambaa cheusi kukinga mandhari ya nyuma. Ukisahau kukinga nyuma na jua likapiga majani yale, yatang'aa kuliko uyoga na huna picha.

## Hatua ya 3: Shuka chini, panga fremu

Lala. Lenzi iwe usawa wa chini ya kofia, au chini zaidi kidogo. Ukiupiga uyoga kutoka juu utaona mgongo wa kofia tu, wakati mwanga unaingilia kwa chini.

Tafuta upande ambao nyuma ya uyoga hakuna kitu cha karibu. Mandhari iliyo mita 2 au 3 nyuma inalainika yenyewe na kuwa rangi tupu. Nyasi zilizo sentimita 10 nyuma zitabaki zikikukera.

Ondoa jani kavu linalokatiza mbele, lakini usisafishe uwanja mzima. Majani yaliyodondoka yanayozunguka mguu wa uyoga unayahitaji. Ndiyo yatakayopokea mwanga. Uyoga usiung'oe.

Futa lenzi ya simu kwa kitambaa safi. Alama ya kidole inaonekana haina madhara mchana, ila ukishawasha taa inageuka mstari wa mwanga uliokata picha kutoka kona hadi kona.

## Hatua ya 4: Funga fokasi kukiwa bado kuna mwanga

Kamera gizani huhangaika mbele na nyuma na mwisho hutulia mahali pasipo. Kwa hiyo panga fokasi sasa hivi.

Elekeza kwenye ukingo wa kofia ulio karibu nawe zaidi. Kwenye kamera, kuza picha kwenye kioo, zungusha pete mpaka ukingo uonekane mkali, kisha weka swichi kwenye MF, yaani fokasi ya mkono. Kwenye simu, shikilia kidole juu ya ukingo huo mpaka fokasi ijifunge. Simu nyingi zinakataa kufokasi chini ya sentimita 8 au 10. Ukiona imegoma, rudi nyuma na ukate picha baadaye.

Tundu la lenzi, yaani upana wa mlango wa mwanga, liwe kati ya f/4 na f/8; nambari ikiwa ndogo, tundu ni pana. Chini ya hapo kofia inakuwa nusu kali nusu ukungu. Juu ya hapo mandhari inaanza kurudi. Wenye simu wengi hamna la kuchagua hapa, tundu la simu nyingi halibadiliki.

Baada ya hapo usiguse kifuko wala tripodi. Tumia taima ya sekunde 2 ili mkono wako usitikise kitu.

## Hatua ya 5: Piga picha ya mazingira bila taa

Hapa ndipo wengi mnaruka, na hapa ndipo picha inapoamuliwa.

Panga kwanza rangi ya mwanga, ile iliyoandikwa WB, kwenye nambari iliyo karibu na 4000. Usiiache kwenye otomatiki. Otomatiki ikiona rangi ya chungwa itajitahidi kuifuta, ikiona bluu itaifuta pia, na utabaki na kijivu ulichokisafiria jioni nzima. Kwenye 4000, machweo yanakuwa bluu na taa yako inabaki ya chungwa.

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kama inawezekana. Anza hivi, kisha rekebisha:

- Kamera: f/5.6, ISO 200, sekunde 1.
- Simu: ISO 100, 1/8 ya sekunde.

Tazama matokeo. Picha iwe nyeusi kuliko unavyoona kwa macho, kiasi cha kukufanya useme "hapana, hii imezidi giza", ila bado unaweza kutofautisha shina la mti na mandhari. Ukiona inapendeza hivihivi, ina mwanga mwingi. Punguza muda wa shata kwa nusu. Ukiona nyeusi tii, ongeza mara mbili.

Giza linaingia haraka, kwa hiyo rudia picha hii kila baada ya dakika chache na uongeze muda wa shata pole pole. ISO iache chini. Chembechembe za ISO kubwa hukaa hasa kwenye ule weusi wa bluu unaoutegemea.

Ukifaulu: una picha ya uyoga mweusimweusi kwenye bluu nzito. Haivutii hata kidogo. Ndivyo inavyotakiwa.

## Hatua ya 6: Ficha taa

Una sehemu tatu za kuiweka.

Chini ya kofia, nyuma ya mguu. Hii ndiyo ya uyoga wenye kofia pana. Funga LED kwenye kijiti cha mshikaki kwa tepu, choma kijiti ardhini nyuma ya mguu wa uyoga, kibalbu kikitazama juu. Mguu ndio unaoificha taa, kwa hiyo utasogeza kijiti milimita kwa milimita huku ukitazama kioo cha kamera. Kama mguu ni mwembamba kuliko betri, betri izike chini ya majani na uache kibalbu tu kitokeze.

Nyuma kabisa. Kwa uyoga wa sikio na kwa makundi. Taa iwe nyuma ya uyoga, sentimita 3 au 4, ikitazama kamera, lakini imefichwa kabisa na mwili wa uyoga.

Ubavuni kwa nyuma. Taa nje ya fremu, ikija kwa pembe. Haitoi moto wa ndani kama zile mbili, ila inachora ukingo mwembamba wa nuru kuzunguka kofia. Kitochi cha kibiriti kinafaa hapa.

Chukua foili, tengeneza kijisahani kidogo, kiweke kati ya taa na lenzi. Kazi yake ni kuzuia mwanga usikimbilie moja kwa moja kwenye kamera. Upande wa pili wa foili unaurudisha mwanga kwenye uyoga, kwa hiyo unapata faida mara mbili. Foili yenyewe isionekane. Ifunike jani kavu.

Makosa ya mahali: ukiona nukta kali nyeupe pembeni ya mguu, kibalbu kimechungulia. Ukiona pete nyeupe katikati ya kofia na ukingo mweusi, taa imesogea juu mno, inagusa nyama. Ishushe sentimita 1 tu uone tofauti.

## Hatua ya 7: Linganisha taa, usiguse kamera

Mazingira umeshayapima kwenye hatua ya 5. Ukibadilisha mipangilio ya kamera sasa, unaharibu bluu yako. Kinachobadilika kuanzia hapa ni taa peke yake.

Piga moja. Karibu kila mara kofia itakuwa imeungua, kwa sababu sekunde nzima ni muda mrefu kwa LED iliyo karibu hivyo. Una njia tatu za kuipunguza:

Ya kwanza ni tishu. Ongeza tabaka, piga tena, ongeza tena. Utashangaa ni tabaka ngapi zinahitajika.

Ya pili ni umbali. Ukiisogeza taa kutoka sentimita 2 hadi 4, mwanga unaofika unapungua kama mara nne. Ni njia kali, inafaa kwa marekebisho makubwa.

Ya tatu naipenda zaidi, ni muda, na ndiyo pekee inayogusa kamera. Weka shata sekunde 4, ukipunguza ISO au kubana tundu ili mazingira yabaki palepale, kisha washa kitochi kwa sekunde 1 tu kati ya hizo 4. Mazingira yanapata muda wao wote, uyoga unapata robo. Umezidi? Nusu sekunde. Hakuna tishu wala kusogeza, ila kitochi kisichezecheze na mkono usiingie kwenye fremu.

Usihukumu kwa kutazama kioo peke yake; gizani kioo hudanganya, kila picha huonekana inawaka. Fungua grafu ya rangi (histogram). Mwanga wa chungwa hujaza rangi nyekundu kwanza. Ukiona nyekundu imegonga ukuta wa kulia, mikunjo ya uyoga imeshapotea hata kama kofia haionekani nyeupe.

Ukifaulu: katikati ya kofia ni njano iliyoiva, kingo ni chungwa nzito, mikunjo inahesabika, na juu ya majani makavu yaliyo chini kuna doa laini la rangi ileile linalofifia taratibu kuelekea bluu. Hilo doa la ardhini ndilo linalobeba picha. Kama halipo, taa yako imefunikwa mno upande wa chini. Punguza foili au toa kijipande cha tepu mwanga udondoke.

## Hatua ya 8: Nukta za mwanga nyuma

Hii ni ya hiari, na baadhi ya zile picha zenye "vimulimuli" mnazoziona zimetengenezwa hivi.

Pulizia maji kwenye nyasi zilizo mita 1 au 2 nyuma ya uyoga. Weka kitochi kingine nyuma ya nyasi hizo, nje ya fremu, kikizimulika kwa pembe. Matone yaliyoganda kwenye nyasi, kwa kuwa yako nje ya fokasi, yanakuwa viduara laini vya mwanga. Tundu likiwa wazi zaidi, viduara vinakuwa vikubwa.

Maji yawe yameshatulia kwenye majani kabla hujabonyeza. Kupulizia hewani wakati shata iko wazi kwa sekunde nzima kunakupa mistari ya mvua. Uyoga wenyewe usiulowanishe hovyo. Tone kubwa juu ya kofia linarudisha bluu ya anga na kuacha tundu katikati ya moto wako.

## Hatua ya 9: Kama taa haifichiki, piga mbili

Kuna uyoga mdogo mpaka hakuna nyuma ya kujifichia. Basi kamera ikiwa haijatikisika, piga picha ya mazingira bila taa, kisha nyingine ukiwa umeishika taa kwa kijiti, kijiti kionekane tu.

Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha kwenye kompyuta, ziweke leya mbili (tabaka moja juu ya jingine), ile ya taa juu, na uchague Lighten only. Kompyuta inachukua kilicho angavu kutoka kila picha. Kisha futa kijiti na kibalbu kwenye leya ya juu kwa brashi laini. Kwenye simu, programu ya Snapseed ina Double Exposure yenye chaguo la Lighten, ingawa kufuta kwake ni kwa shida.

Upepo ukipita kati ya picha hizo mbili, nyasi zitaonekana pacha. Tulia, usubiri.

## Hatua ya 10: Ukungu wa nuru, kwa kiasi

Kitu angavu hutawanya nuru kidogo kwenye hewa inayokizunguka, hasa hewa yenye unyevu. Lenzi kali ya siku hizi inakata hilo, kwa hiyo unalirudisha kidogo.

Njia ya papo hapo haina gharama: pumulia lenzi, subiri ukungu uanze kuyeyuka, bonyeza. Kipande cha soksi nyembamba ya nailoni kilichovutwa mbele ya lenzi nacho kinafanya kazi hiyo. Piga na picha safi pia, maana hivi havifutiki baadaye.

Njia ya kuhariri: nakili leya ya picha, leya ya juu ipe Gaussian Blur. Kwa picha yenye upana wa pikseli 4000, jaribu 40 hivi. Igeuze iwe Screen, kisha ushushe Opacity yake hadi asilimia 15 au 20. Mwisho ifute kila mahali isipokuwa kwenye kofia na pale mwanga ulipomwagikia. Kwenye Snapseed ni Glamour Glow, ukiipaka kwa brashi sehemu hiyo tu.

Ukiweza kuuona ukungu wenyewe, umezidi. Na kama taa ya kweli haikumwagika ardhini kule kwenye hatua ya 7, ukungu wa kompyuta hautaokoa kitu. Uyoga utaonekana umebandikwa.

## Andika ulichofanya

Ukiiweka picha mtandaoni, maelezo yaseme "taa ya LED imetumika". Uyoga unaotoa mwanga wake wenyewe upo kweli duniani, mwanga hafifu wa kijani unaohitaji shata ya muda mrefu, na watu wasichanganywe na huu wako wa karatasi ya pipi.

Kwenye mashindano jambo hili ni zito. Mwaka 2018 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London iliifuta picha iliyokuwa imeshinda kipengele kimoja cha shindano lake mwaka uliotangulia: kichuguu kiking'aa usiku nchini Brazili kwa mabuu ya mbawakawa, na mbele yake mnyama mla mchwa. Wataalamu wao waliona mnyama yule ni mfu aliyekaushwa na kujazwa, ingawa mpiga picha alikana. Soma kanuni kabla ya kutuma. Mengine yanaruhusu taa ukiitaja, mengine hayataki kabisa.

Kabla hujaondoka, hesabu betri, foili na tepu. Vyote virudi mfukoni.

## Kiangazi, uyoga ukiisha

Hatua hizihizi zinafanya kazi kwa jani. Jani changa la mgomba ambalo bado halijafunguka vizuri hupitisha mwanga vizuri mno: ingiza LED ndani ya msokoto wake jioni, bila karatasi ya pipi safari hii, na WB ibaki kwenye 4000. Kijani kinawaka kuanzia ndani, mishipa imejipanga mstari. Kwa kuwa jani ni refu, taa moja huacha ncha gizani, hivyo andaa mbili na uzipange sentimita 30 hivi kutoka moja hadi nyingine. Upepo ndio adui hapa. Fanya siku iliyotulia, au uegemeze jani kwenye mti.